Mtoto Anayeshindwa Kusoma Si Mjinga

Mafunzo kutoka kwa mchoraji aliyegeuka mwalimu wa elimu maalumu



Ndugu wasomaji, mwisho wa muhula ni wakati wa machozi katika nyumba nyingi. Mtoto anarudi kutoka shule akiwa ameikunja ripoti mara nne na kuificha katikati ya daftari. Baba anaidai. Anasoma: wa 71 kati ya wanafunzi 74. Kinachofuata mnakijua. Mtoto anaambiwa ni mjinga, ni mvivu, kichwa chake ni kama cha mjomba wake. Analinganishwa na dada yake. Pengine fimbo inachukuliwa. Mwishowe mzazi anatamka neno ambalo mtoto hatalisahau: "Basi, shule imekushinda, kaa nyumbani uchunge mbuzi."

Ukurasa huu wa afya huwazoea malaria, kuhara na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie mtoto huyo wa 71, kwa sababu mara nyingi shida yake haitokani na uvivu wala utovu wa adabu. Ni jambo la afya, na lina msaada wake. Ili tuelewane vizuri, tuanze na habari za mwalimu mmoja wa nchi ya mbali ambaye maisha yake yana mengi ya kutufundisha.

MCHORAJI ALIYEINGIA DARASANI

Tim Rollins alizaliwa mwaka 1955 katika mji mdogo wa Pittsfield, jimbo la Maine, Marekani, katika familia ya wafanyakazi wa kawaida. Alipenda kuchora, akaenda New York kusomea sanaa. Mwaka 1979 yeye na wenzake walianzisha kikundi cha wasanii vijana, na njia ya kuwa msanii wa mjini ilikuwa wazi mbele yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa kijana wa miaka kama 26, aliombwa na mkuu wa shule moja ya South Bronx aje kuwafundisha watoto walioonekana kuwa wameshindikana. South Bronx ni sehemu ya jiji la New York. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi huko ziliteketea kwa moto, na mitaa mizima ikabaki magofu. Familia nyingi zilikuwa za watu weusi na za watu wenye asili ya Puerto Rico na visiwa jirani, waliozungumza Kihispania nyumbani. Dawa za kulevya na bunduki vilikuwa jambo la kila siku.

Watoto waliowekwa mbele ya Rollins walikuwa wa darasa la elimu maalumu. Wengine walikuwa na ugumu wa kusoma. Wengine hawakuweza kutulia. Wengine walikuwa na majeraha ya moyo kutokana na mambo waliyoyaona. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza aliwaambia kuwa siku hiyo wangefanya sanaa, na zaidi ya hapo wangetengeneza historia. Watu wengi wangecheka kusikia hayo, maana walikuwa watoto ambao hata kusoma ukurasa mmoja kuliwatoa jasho.

KUSOMA KWA MASIKIO, KUJIBU KWA MIKONO

Njia yake ilikuwa hivi. Mwalimu, au mwanafunzi mmoja anayeweza, alisoma kitabu kwa sauti. Wengine walisikiliza huku wakichora kile kilichowagusa. Vitabu vyenyewe havikuwa vya watoto wadogo. Vilikuwa vitabu vizito vya waandishi wakubwa wa dunia, vile ambavyo watu walidhani havifai kabisa kwa watoto wa elimu maalumu. Inaelezwa kwamba siku moja mwanafunzi alichora juu ya kitabu chenyewe cha mwalimu. Mwalimu alikasirika kwanza, kisha akatazama vizuri na kuona kwamba picha ile ilikuwa nzuri. Basi wakaanza kuchana kurasa za kitabu, kuzibandika kwa safu juu ya kitambaa kikubwa cha kuchorea, na kuchora picha zao juu ya maneno.

Chukueni mfano wa riwaya ya Franz Kafka iitwayo Amerika. Karibu na mwisho wake kuna mahali panapopokea kila mtu anayetaka kazi, na watu waliovaa kama malaika wanapuliza tarumbeta za dhahabu. Rollins aliwaomba watoto wafikiri: kama uhuru wako ungekuwa pembe ya dhahabu, ingekuwa na umbo gani? Kila mtoto alichora yake. Mmoja alichora pembe yenye mikunjo kama utumbo, mwingine kama herufi, mwingine kama mnyama. Pembe hizo zote zilikusanywa katika picha moja kubwa. Kwa kitabu kingine, riwaya ya Stephen Crane juu ya askari kijana vitani, watoto walichora majeraha, kila mmoja jeraha lake. Hebu tafakari jambo hilo: mtoto ambaye hakuwahi kupata maneno ya kueleza maumivu yake, anapewa rangi na kuambiwa ayaonyeshe.

Mwaka 1984 Rollins na vijana hao walianzisha karakana yao ya sanaa na maarifa, ambako walikutana baada ya saa za shule. Vijana wakajiita K.O.S., maana yake Watoto wa Kunusurika. Kazi zao zilianza kuonyeshwa na kununuliwa. Mwaka 1988 zilifika katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Picha mojawapo ya zile za pembe za dhahabu imo katika jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, jumba lile lile linalohifadhi kazi za wachoraji mashuhuri wa dunia.

Njia hiyo haikukosa misalaba. Walikuwako watu waliouliza kazi zile ni za mwalimu au za watoto, na fedha zinakwenda wapi. Ni maswali ya haki, na kila anayefanya kazi na watoto wa wengine awe tayari kuulizwa. Mwaka 1993 mmoja wa vijana wa kundi hilo aliuawa kwa risasi huko Bronx. Sanaa haikuweza kuzuia risasi. Lakini Rollins hakuondoka. Alibaki na vijana wake mpaka alipofariki Desemba 2017, akiwa na umri wa miaka 62. Baadhi ya watoto wale sasa ni watu wazima wanaoendeleza kazi hiyo, na mmoja wao alikuja kufundisha katika chuo kile kile cha New York alichosoma mwalimu wake. Huo ndio ulezi: mtoto aliyeshikwa mkono leo kesho anamshika mwingine.

UGUMU WA KUSOMA NI NINI?

Sasa turudi kwenye afya. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14. Mvulana huyo alikuwa na akili nzuri, macho yake yalikuwa mazima, na alikuwa amefundishwa kwa miaka mingi, lakini hakuweza kusoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Hali hiyo leo huitwa disleksia. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, Samuel Kirk, alieneza jina la jumla la ugumu wa kujifunza. Mwaka 1975 nchi hiyo ikatunga sheria iliyozitaka shule za umma kumpa elimu kila mtoto mwenye ulemavu. Ndiyo maana Rollins alikuta darasa maalumu linamsubiri.

Disleksia haitokani na upungufu wa akili. Ubongo wa mtoto unapata shida kuunganisha sauti za maneno na alama zilizoandikwa. Mara nyingi hali hii hupita katika ukoo, hivyo yule mjomba anayetukanwa kila siku huenda naye alikuwa nayo. Makadirio hutofautiana, lakini wataalamu wengi husema watoto kama 5 hadi 10 katika kila 100 wanayo kwa kiasi fulani. Maana yake, katika darasa la watoto 74 wanaweza kuwamo watatu, wanne au zaidi.

Hali hii haiambukizi. Hailetwi na kurogwa wala laana ya mababu, hivyo fedha zinazopelekwa kwa waganga zinapotea bure. Aidha, hakuna kidonge wala sindano ya kuiponya. Kinachosaidia ni ufundishaji wa taratibu, wa hatua kwa hatua, unaorudiwa mara nyingi.

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto mmoja haonyeshi dalili zote. Lakini mzazi uwe macho ukiona haya:

1. Alichelewa kuzungumza, au alipata shida kujifunza nyimbo na michezo ya maneno inayofanana sauti.

2. Anasoma neno leo, na mstari unaofuata hulitambui kana kwamba hajawahi kuliona.

3. Anaruka silabi au kuzigeuza, na anachanganya b na d hata baada ya wenzake kuacha. Watoto wadogo wengi huchanganya herufi hizo, kwa hiyo usishtuke mapema.

4. Anasimulia hadithi vizuri, anahesabu chenji dukani bila kosa, lakini akipewa kitabu anaumwa tumbo.

5. Anasoma kwa kujikokota kiasi kwamba akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake.

Dalili hiyo ya 5 inatuhusu sana sisi tunaosoma Kiswahili. Lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa, hivyo mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kuzitamka silabi sawasawa, lakini polepole mno. Walimu husema anasoma, na shida inafichika. Kisha anakutana na Kiingereza, ambacho maandishi yake hayafuati matamshi, na hapo anaanguka kabisa. Watu hushangaa na kusema amekuwa mvivu ghafla.

KWANZA HOSPITALI, KISHA MWALIMU

Si kila anayeshindwa darasani ana disleksia. Kabla ya kuamua lolote, mpeleke mtoto kituo cha afya aangaliwe haya:

Macho. Mtoto asiyeona ubaoni hajui kwamba wengine wanaona. Pengine anahitaji miwani tu.

Masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara anaweza kuwa amepungukiwa na usikivu. Usimwekee mafuta wala dawa za kubahatisha.

Kifafa. Kuna aina isiyomwangusha mtu. Mtoto anaduwaa kwa sekunde chache, hasikii, kisha anaendelea kama kawaida. Mwalimu anadhani anaota mchana, kumbe ni ugonjwa wenye dawa.

Magonjwa ya nyuma. Malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au manjano makali ya siku za kwanza za uhai huweza kuacha athari katika ubongo. Mweleze daktari yote unayoyakumbuka.

Chakula na damu. Mtoto mwenye njaa, minyoo au upungufu wa damu hawezi kufikiri vizuri saa nne asubuhi. Tumia chumvi yenye madini joto, hasa mama akiwa mjamzito, kwa sababu ukosefu wa madini hayo hudhoofisha akili ya mtoto tangu tumboni.

Moyo. Msiba, ugomvi wa wazazi, kupigwa, au kuchezewa na mtu mzima humfunga mtoto mdomo na akili. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu.

Lugha pia iangaliwe. Wengi wa watoto wa South Bronx walizungumza Kihispania nyumbani na kufundishwa kwa Kiingereza, na ni rahisi kumwona mtoto wa namna hiyo kuwa mzito wa akili. Kwetu nako, mtoto aliyelelewa na bibi kijijini kwa lugha ya kabila anaweza kuonekana mzito darasani kwa sababu tu hajakizoea Kiswahili cha shule.

Baada ya hapo zungumza na mwalimu. Usiende kugomba. Uliza: mwanangu anaweza nini, na anashindwa wapi? Omba akae mbele, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, apewe muda zaidi, asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wanaomcheka. Uliza pia kwenye ofisi ya elimu kuhusu elimu maalumu. Wapo walimu waliosomea kazi hii. Kwa Tanzania chuo kinachojulikana kwa mafunzo hayo ni Patandi, mkoani Arusha.

KAZI YA NYUMBANI

Ndugu wazazi, mengi yanawezekana bila fedha.

Msomee mtoto kwa sauti. Dakika 15 kila jioni zinatosha: kitabu cha hadithi, Injili ya Jumapili, hata gazeti hili. Kama hujui kusoma, kaka yake asome na nyote msikilize. Rollins aliona kwamba mtoto asiyeweza kusoma kitabu anaweza kabisa kukielewa akisomewa. Usimnyime fikra kubwa kwa sababu macho yake yanashindwa na herufi.

Mfundishe sauti kwa mikono. Andikeni silabi mchangani kwa kidole, zifinyangeni kwa udongo, zichoreni sakafuni kwa mkaa. Ba, be, bi, bo, bu, kwa muda mfupi kila siku. Dakika 10 za furaha ni bora kuliko saa nzima ya machozi. Anapochoka, acheni.

Mpe nafasi ya kuonyesha anachokielewa. Achore hadithi aliyoisikia, aiigize, aisimulie. Karatasi si lazima. Upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana unatosha.

Tafuta kipaji chake, na ukitaje mbele ya watu. Pengine ni mikono yake, sauti yake kwaya, au subira yake na mifugo. Lakini tahadhari: kipaji kisiwe kisingizio cha kumtoa shule. Rollins hakuwaambia watoto kwamba kwa kuwa hamwezi kusoma, basi chorani tu. Aliwarudisha kwenye kitabu kupitia mlango mwingine.

Acha matusi na fimbo. Fimbo haiunganishi sauti na herufi. Inachounganisha ni kitabu na hofu. Mtoto mwenye hofu hujifunza kuficha ripoti, kudanganya, na mwishowe kutoroka.

Tuseme ukweli pia: kuchora hakuponyi disleksia, na si kila mtoto atakuwa msanii. Sanaa humrudishia mtoto heshima na hamu ya kujaribu tena. Mafunzo ya kusoma lazima yaendelee sambamba.

NENO KWA JUMUIYA NA MAKATEKISTA

Katika parokia zetu wapo watoto wanaorudishwa nyuma mwaka baada ya mwaka katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa sababu hawawezi kusoma katekisimu. Makatekista wapendwa, mtoto anayeweza kueleza kwa mdomo, au kwa picha, ni nani aliyemo katika Ekaristi, ameelewa. Imani haikuanza kwa mitihani ya kuandika. Bwana wetu alifundisha kwa mifano ya mbegu, samaki na kondoo, na walioelewa wengi wao hawakuwa waandishi.

Kila jumuiya ndogo ndogo haikosi fundi seremala, mshonaji, mwalimu mstaafu au kijana anayejua kuchora. Mtu huyo anaweza kuwa mlezi wa mtoto mmoja au wawili kila Jumamosi, mahali pa wazi, wazazi wakijua. Haihitaji ofisi wala mfadhili. Inahitaji mtu anayekuja wiki hii, na wiki ijayo, na mwakani pia. Watoto waliovunjwa moyo hupima jambo moja tu: je, huyu naye ataniacha?

Tunaufahamu mfano wa talanta. Yule mtumishi wa tatu alifukia talanta yake kwa sababu ya woga. Ndugu wazazi, tujiulize ni talanta ngapi za watoto wetu zimefukiwa, si na watoto wenyewe, bali na maneno yetu siku ya ripoti. Muhula huu ukiisha, pokea ile karatasi iliyokunjwa mara nne, ikunjue polepole, kisha kabla ya kusema lolote mkalishe mtoto karibu nawe umuulize: "Mwanangu, ni wapi panapokuwa pagumu?" Halafu msikilize mpaka amalize.

Mungu azibariki familia zetu.